Bendera ya Shule

Machi ya Tukuyu haina adabu. Siku tuliyomzika babu, mwaka 2013, mvua ilianza alfajiri, na vijana waliochimba kaburi kule migombani walishinda wakichota maji kwa ndoo.

Babu alikuwa mgambo. Mwalimu alipotangaza Novemba 2, 1978 kwamba tunampiga Amin, alikuwa miongoni mwa walioitwa. Alivuka Kagera, akapita Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwemo. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya miguu. Sisi wajukuu alitusimulia jambo moja tu la vita: matoke ya kule hayafiki kwa mbalaga yetu.

Medali yake niliikuta kwenye kopo la majani ya chai, imechangamana na misumari na vipande vya mpira. Nikaisugua kwa jivu na limau hadi ikang'aa. Utepe mende walishauonja pembeni, sikuwa na la kufanya. Baba mdogo alitaka ibaki nyumbani iwe ukumbusho. Bibi akakataa.

"Mwacheni nayo. Akifika huko watamjuaje?"

Nikaibandika kwenye koti lake kwa pini ya nepi.

Bendera ndiyo ilitutoa jasho. Ofisi moja ilituahidi italeta; hadi saa sita simu ikawa haipokelewi tena. Mjomba akakimbilia shule ya msingi, mwalimu mkuu akaishusha mlingotini na kumkabidhi, kwa sharti kwamba Jumatatu asubuhi iwe imerudi. Ilikuwa ndogo. Ukiivuta ifike miguuni, kifua kinabaki wazi. Tukafunika kifua.

Hotuba zilikuwa nyingi, na wengi waliozungumza hawakumjua. Kisha wakasogea wazee watatu, wenzake wa vitani. Mmoja, mwenye koti kuukuu la kijani, aliiachia fimbo yake ikaanguka kwenye tope.

"Kikosi! Mguu... sawa!"

Kikosi chenyewe wazee wawili. Wakakakamaa. Na sisi, sijui nani alianza, tukajikuta tumenyooka wote, hata wale vijana wenye majembe. Mzee akapiga saluti, akabaki nayo wakati jeneza linateremshwa. Mkono ulitetemeka, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko, lakini hakuushusha mpaka kamba zilipovutwa juu.

"Haya koplo," akasema taratibu, kama wanaagana stendi. "Tangulia."

Mimi ndiye niliyemwokotea fimbo.

Bendera ilikuwa imeloa chapa. Bibi aliichukua mwenyewe, akaikamua, akaitandaza juu ya meko, na usiku kucha hakuna aliyethubutu kuigusa. Jumatatu niliipeleka. Mwalimu mkuu aliinusa, akanitazama, asiseme kitu. Watoto walikuwa wameshapanga mistari. Ikapanda mlingotini ikinuka moshi wa jikoni kwetu.