Sekunde 30 baada ya trai

Dar es Salaam, Jumapili usiku, Februari

Jua limezama zamani na joto bado limetanda. Usiku wa namna hii nawaza pumzi, maana ndiyo mtaji wa mchezaji wa kimataifa wa raga ya saba kwa saba. Vijana wanaokimbia ufukwe wa Coco alfajiri wanaamini siri ni kasi. Kasi humwingiza mtu kikosini. Kinachomweka humo miaka minane au tisa ni jinsi pumzi yake inavyorudi upesi.

Uwanja ni uleule wa raga ya 15, mita 100 kwa 70, lakini wamo watu 14 tu, kila mmoja na takribani mita za mraba 500. Dakika saba, mapumziko ya dakika mbili, saba tena. Aliyekaba, yaani aliyemwangusha mwenye mpira, akachelewa kuinuka kwa sekunde mbili ameacha uchochoro, na wa upande wa pili ameshauona.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: trai ikifungwa, yaani mpira ukiwekwa chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, mpigaji ana sekunde 30 za kutafuta alama mbili za nyongeza, tena mpira udunde chini kwanza ndipo aupige upite kati ya milingoti. Halafu, kinyume na raga ya 15, timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha. Mpira ukipigwa juu, ukashuka kidogo tu mbele ya mstari ulio mita 10 kutoka katikati, mkimbiaji wako anaweza kuudaka, na waliofungwa wakakaa dakika tatu bila kuugusa. Ukishindwa kufika mita 10, au ukitoka nje moja kwa moja, wanapewa wao katikati ya uwanja. Kosa hilo mara nyingi chanzo chake ni pumzi: mpigaji bado anahema, mwili umeegemea nyuma, mguu unagusa mpira umechelewa. Mdakaji naye hukosea: husimama chini ya mpira akaruka wima. Aanzie hatua tatu nyuma, aruke kwa mguu mmoja, goti mbele, mikono juu ya usawa wa macho.

Mazoezi yafuate hali hiyo. Mita 40 kwa kasi yote, lala kifudifudi, inuka, rudi ukitembea, anza nyingine kila sekunde 30. Mara sita, pumzika dakika mbili, rudia mizunguko mitatu. Kukimbia kilomita 10 kila siku kunajenga moyo, sawa, lakini hakumfundishi mtu kuinuka.

Siku ya mashindano ni mechi mbili au tatu, na kwa unyevu wa Dar vita kubwa iko katikati ya mechi. Taulo la maji ya barafu shingoni. Panda mizani kabla na baada: kila kilo iliyopungua irudishwe kwa lita moja na nusu, kwa mafunda madogo. Maji matupu mengi kwa pamoja yanazimua chumvi ya mwili, kwa hiyo changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visawazishwe. Ndizi mbivu, wali mweupe. Chipsi mayai zisubiri jioni, mafuta yake hukaa tumboni mno. Na kupasha misuli kurudiwe kila mechi, hata kama mwili unaonekana wa moto. Nyama za nyuma ya paja zinaweza kuchanika katika mbio za kwanza za mechi ya pili.

Collins Injera wa Kenya aliipita rekodi ya wakati huo ya mfululizo wa mashindano ya dunia ya saba kwa saba, trai 230 za Mwargentina Santiago Gómez Cora mwezi Mei 2016, London, akiwa na miaka 29. Mwezi mmoja kabla, Kenya ilikuwa imeipiga Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, Fiji hiyohiyo iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Agosti. Mawinga wengi wakifika umri huo magoti yameshagoma.

Magoti hutibika. Kichwa ndicho kinachonitia hofu. Katika kukaba, kichwa kikae pembeni ya nyonga ya mpinzani, kamwe kisitangulie mapaja yake. Mchezaji akigongwa kichwa akayumba, akasahau matokeo au akalalamika mwanga unamuumiza macho, atoke na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali na zimebaki sekunde 40, hata kama yeye mwenyewe analia abakizwe.