Miaka 13, darasa la P2

Wiki iliyopita tulikaa mitingi ya kupanga temu, mi na walimu wenzangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, na kitu cha kwanza kilikuwa kilekile cha kila mwaka: hawa watoto wanaokuja kutoka Kongo bila Kiingereza tuwaweke wapi? Jibu la haraka kila mtu analijua, warudishe P1 au P2, yaani darasa la kwanza au la pili, wakae na wadogo mpaka lugha iwaingie.

Nikawakumbusha kijana wetu mmoja, ana miaka 13, kwao alishafika darasa la tano, huku tukampa P2. Magoti hayaingii chini ya dawati. Siku moja nikachukua daftari lake nikakuta limejaa mikasi myekundu, alama za kukosa, hesabu zote, nikashangaa maana nilishamwona pale Base Camp, sehemu mojawapo ya Nakivale, anamsaidia mamake kuuza nyanya na chenji anairudisha kabla hujamaliza kuuliza. Kumbe ameandika 3,5 pale sisi tunapoandika 3.5! Shule za Kifaransa koma ndo desimali, huku kwetu koma ni ya elfu, kwa hiyo mtoto akiona 2,500 anasoma mbili na nusu. Hata kugawanya, wao namba ya kugawia wanaiweka kulia, sisi kushoto. Ticha simlaumu sana, ukiwa na watoto zaidi ya mia mbele yako unaangalia tu kama inafanana na ya ubaoni basi.

Kwa hiyo mi nikasema tumpime mtoto hesabu na kusoma kwa lugha anayoijua, Kiswahili au Kifaransa, halafu Kiingereza tukipime peke yake, karatasi mbili tofauti. Mmoja akaniuliza, sasa PLE, mtihani wa kumaliza msingi, atafanyaje, si yote ni Kiingereza? Kweli. Lakini huko P2 tunakompeleka, mtaala wa tangu 2007 unasema P1 mpaka P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, na huku wilayani kwetu Isingiro hiyo ni Runyankore, yaani tunamshusha mtoto akajifunze Kiingereza tunamkabidhi Runyankore! Watu wakacheka, halafu kimya.

Mwingine akataja ule mpango wa kasi unaobana miaka 7 ya msingi iwe 3. Mzuri sana, ila ule ni wa mtoto aliyekaa miaka nje ya shule, huyu wetu shule alikuwa nayo.

Tulichokubaliana ni lisaa limoja la Kiingereza kila asubuhi kabla ya masomo, na kianze na maneno ya darasani, siyo salamu za "good morning teacher" ambazo wanazijua tangu wiki ya kwanza. Neno kama "left" tu, mtoto kafundishwa ni kushoto, swali linauliza maembe mangapi yako "left", yaani yamebaki, yeye anachora maembe upande wa kushoto wa karatasi, na amechora vizuri jamani.

Tumepata na mama mmoja aliyefundisha miaka mingi Bukavu, kule Kongo, vyeti vyake huku havijalinganishwa bado kwa hiyo ataingia kama msaidizi tu, posho yake itoke wapi hedimasta anasema tuwaulize wazazi, na mi najua wazazi watasema nini. Lakini Jumatatu anaanza. Yule kijana ndo wa kwanza kupimwa, karatasi yake ya hesabu nimeiandika mwenyewe jana usiku, koma nimeziweka kama kwao.