Wete ya mama, si ya mtalii

Ukipita Gizenga pale Mji Mkongwe picha ni zile zile, jahazi na jua linazama, Wamasai wembamba wamepanga mstari, tingatinga za chui na ndege, na mie siziteti maana ndo zinazoniweka mjini. Lakini picha ya kumchorea mamangu ni habari nyengine kabisa. Mtalii hajui mnazi ulikuwa wapi, mama anajua.

Mama kahamia kwetu Unguja tangu miguu ianze kumsumbua na kutwa ni Wete, kwao Pemba, Wete hivi Wete vile, basi nikasema namchorea, ile ya kutoka juu mjini unapoteremkia bandarini, Mtambwe kushoto kwako na kisiwa cha Fundo kule mbele.

Cha mwanzo kukiamua ni saa. Wete imeelekea magharibi, kwahiyo jioni jua linazama baharini mbele yako kabisa na kila mtu ananambia chora hiyo, inapendeza. Sitaki. Jua likiwa mbele kila kitu kinakuwa cheusi, minazi myeusi madau meusi, hapo ushachora pwani yoyote ile. Nikachora asubuhi, jua liko mgongoni linapiga ule upande wa miti unaouona, ndo unakipata kijani cha Pemba.

Na kijani ndo kazi yenyewe jamani. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, ila ukikaa na brashi unaona viko vingi: mikoko huko chini ni kizito kimeingia udongo udongo, minazi ina umanjano, mkarafuu ni wa giza unang'aa halafu majani yake machanga yanatoka na wekundu wa waridi. Kijani cha kopo ukikipaka hivi hivi kinapiga kelele, mie nachanganya buluu na njano natia na nyekundu chembe tu kukituliza. Kanvasi ya dukani ghali, natumia kitambaa cha marekani, nakivuta kwenye fremu ya mbao nakipaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani, kikikauka kinashika akriliki vizuri tu.

Nikarusha kwenye grupu la familia (mama hayumo, simu yake ya kitochi) ikawa baraza. Kaka wa Muscat kauliza karafuu ziko wapi, Pemba gani hiyo, basi nikamtilia majamvi kando ya njia, moja zimeanikwa leo bado zina kijani na wekundu, jengine zishakuwa kahawia. Baba mdogo yeye Mtambwe tu, ati ionekane sawasawa, maana mwaka 1984 zilichimbuliwa kule sarafu za fedha za kale zaidi ya 2,000 na mgeni akija lazima amuoneshe kwa kidole. Dada naye anataka maji yajae, yakikupwa anasema tope tupu. Hapo nikakataa, mama ujana wake alikuwa akishuka maji yakikupwa kwenda kuokota chaza, tope ndo lake, kwahiyo maji yamekupwa na wanawake wako mbali huko wameinama na vikapu.

Mama alipooneshwa hakusema nzuri wala mbaya. Kasogea mpaka pua inataka kugusa rangi, akaanza, hii njia ya kwa nani, huu mwembe mbona umekuwa mdogo, halafu akafika kwenye nyumba moja chini kule: "Hii bati ya nini? Si ya makuti hii?" Nikamwambia mama siku hizi wameezeka bati. Akasema hiyo ya bati yeye hajaiona. Nikachukua brashi nikairudisha makuti mbele yake, dada yuko nyuma ananguna ati si kweli tena, namwambia picha ya nani hii?

Sasa shangazi wa Konde kapata habari, anataka msitu wa Ngezi na wale popo wakubwa wanaopatikana Pemba tu, wananing'inia, na wawe wengi. Nimemwambia subiri watalii wapungue.