Siku tuliyosaka kosa katika wimbo wa taifa

Ilikuwa kipindi cha Kiingereza, kidato cha pili, na mwalimu alikuwa ametupa sentensi za kusahihisha. Zote zilihusu ile "s" ambayo kitenzi hupata kiima kikiwa nafsi ya tatu umoja. Kazi nyepesi. Tulikuwa tunakaribia kumaliza jirani yangu wa dawati aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, basi hata wimbo wa taifa una kosa."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akasimama wima, akanukuu ubeti wa tatu wa Kiingereza: "And the glory of Kenya, the fruit of our labour, fill every heart with thanksgiving." Kiima ni "glory", akasema, nacho ni umoja. Mbona basi si "fills"?

Hadi leo namheshimu mwalimu yule kwa alichofanya. Angeweza kumwambia akae chini. Alifuta sentensi zake, akauandika mstari ule ubaoni, akatuuliza uliandikwa na nani. Hakuna aliyejua. Akatueleza kwamba mwaka 1963 kazi hiyo walipewa wanamuziki watano, Graham Hyslop na George Senoga-Zake wakiwa miongoni mwao, na watu kama hao hawawezi kuteleza kwenye "s".

"Imeachwa makusudi," akasema. "Hebu uimbeni na 's' yenu."

Tukaimba.

"Sasa mmemwomba Mungu, au mmempasha habari?"

"Tumempasha habari, Mwalimu," akajibu msichana wa dawati la mbele.

Hapo ndipo jambo lote liliponifungukia. "Fills" inaarifu: utukufu unajaza mioyo, ndivyo ilivyo. "Fill" inatakia: utukufu na ujaze. Kitenzi ni kilekile. Kinachobadilika ni nia ya msemaji, kama anasema lililopo au anataka liwepo. Kiswahili hulitangaza hilo mwishoni mwa kitenzi, "unajaza" ikawa "ujaze", na hata mtoto mdogo husikia tofauti. Kiingereza huonyesha kwa kunyima. Hunyima "s", au huacha "be" ikae mahali pa "is". Na kwa kuwa "I", "we" na "they" hazichukui "s" tangu mwanzo, hali hiyo hujificha karibu kila mahali, ndiyo maana wengi huiona kama kosa.

Tukaanza kusaka. "Justice be our shield and defender": haki iwe ngao na mlinzi. "Plenty be found within our borders." "Service be our earnest endeavour." "Bless" nayo ni amri kwa umbo, ingawa ikielekezwa kwa Mungu huwa ombi. Kwingine kazi imebebwa na "may" na "let". Tulimaliza beti zote tatu bila kupata kitenzi kimoja kinachotoa taarifa. Wimbo tuliouimba kila Jumatatu na Ijumaa bendera ikipandishwa ulikuwa dua na wito, mwanzo hadi mwisho.

Mvulana mmoja akauliza kuhusu "if I were". Mwalimu akasema ni ndugu wa karibu, lakini huko tusitafute "-e" ya Kiswahili. Huko ni kudhania lisilokuwepo, na sisi tuna "-nge-", ningekuwa.

Kisha akatupa kazi ya nyumbani: tusome beti za Kiswahili, tuone kama nazo hazina taarifa. Kesho yake tulirudi na mbili, "ndio wajibu wetu" na "tunayoipenda". Hii ya pili ilizua ubishi mkubwa, kwa sababu pale Kiingereza kina "heritage of splendour", majina matupu bila kitenzi. Jirani yangu alishikilia kwamba Kiswahili kimefanya vizuri zaidi: kimeutaja upendo kama jambo ambalo tayari lipo, haliombwi, na ndiyo sababu mstari unaofuata una haki ya kutudai, "tuwe tayari kuilinda". Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia aiandike hoja hiyo kwa Kiingereza, na vitenzi vyake vyote aviwekee sababu.