Lazima ya Nani?

Mwezi Julai 2010, wiki chache kabla ya kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti, niliombwa niisome na kuieleza rasimu ya Katiba ya Kenya katika baraza la wananchi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na watu hudhani kwamba mwalimu hashindwi na maandishi. Usiku kucha nilijiandaa kwa maswali ya Mahakama za Kadhi, ya uavyaji mimba na ya ardhi, maana hayo ndiyo yaliyowagawa watu wa Kijani, walioiunga mkono rasimu, na watu wa Nyekundu, walioipinga. Ibara ya 53, inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, niliitengea dakika tano tu, nikiamini kwamba haina mpinzani.

Mpinzani kweli hakutokea. Alisimama mama mmoja, mzazi wa mvulana aliyekuwa katika darasa langu la tano, akiwa ameikunja nakala yake ya rasimu mara mbili na kuibana kwapani.

“Mwalimu, hilo neno bure tulianza kulisikia 2003,” akasema. “Geni kwangu ni hili la pili. Hiyo lazima ni ya nani? Ni mimi nitakayelazimishwa kumleta mtoto, ama ni Serikali itakayolazimishwa kumpokea?”

Nilimjibu kwa ufasaha, na naona haya kukiri kwamba ufasaha ule ulinipendeza. Nilieleza kwamba elimu ya bure ya 2003 ilikuwa uamuzi wa serikali ya Rais Mwai Kibaki, ambao serikali nyingine ingeweza kuutangua. Kwamba Sheria ya Watoto ya 2001 ilikwisha kuitaja haki hiyo, lakini sheria ya kawaida Bunge huweza kuibadilisha. Na kwamba haki ikishaandikwa katika Katiba, wajibu wa kuitimiza unaiangukia dola kwa mujibu wa Ibara ya 21, na Ibara ya 22 inamruhusu mwananchi kwenda mahakamani inapokiukwa. Wazee wa mbele waliitikia kwa vichwa.

“Asante, mwalimu,” akasema bila kupandisha sauti. “Basi ile Ijumaa uliposoma majina gwarideni, wajibu huo ulikuwa wa nani?”

Wachache walicheka, kisha wakanyamaza. Ijumaa ile nilikuwa nimesoma majina ya watoto ambao hawakuwa wamelipa pesa za mtihani na mchango wa wazazi, nikawaamuru warudi nyumbani. Mwanawe alikuwa wa tatu katika orodha. Alitoka mstarini amekumbatia mkoba wake kifuani, wala hakunitazama. Jambo ambalo mama yule huenda hakulijua, nami sikuthubutu kulisema pale, ni kwamba mshahara wangu ulitoka katika mchango uo huo. Serikali ilisitisha ajira mpya za walimu mwaka 1998, na hata ilipoanza tena kuajiri ilijaza zaidi nafasi za walioondoka, hivyo walimu kama mimi tuliajiriwa na kamati za wazazi. Elimu ya bure ilikuwa ikifundishwa na mtu aliyelipwa kwa karo isiyoitwa karo.

Nilijibu kwamba swali hilo lingejibiwa na sheria itakayotungwa na Bunge, nikafungua ukurasa mwingine.

Sheria ya Elimu ya Msingi ilianza kutumika Januari 2013, nami nikaisoma nikiitafuta ile lazima. Ya mzazi niliiona upesi: asiyempeleka mtoto shuleni hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au hufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ya shule nayo imo, ila imejificha ndani ya kifungu cha 29: karo ya masomo hairuhusiwi katika shule ya umma, malipo mengine yanaweza kuidhinishwa na Waziri, lakini mtoto asizuiwe kusoma kwa kushindwa kuyalipa.

Mvulana yule alikuwa ameingia darasa la nane. Orodha ya majina ilipoletwa mezani kwangu, nilimrudishia mwalimu mkuu pamoja na nakala ya kifungu hicho. Ijumaa iliyofuata aliisoma orodha ile mwenyewe.