Vijitabu vyembamba ndio vigumu kuvipata

Jumamosi nimepata kopi ya Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela na tangu siku hiyo nikirudi kazini naifungua kwanza kabla sijala. Nimeipata Posta kwa mzee mmoja anayetandaza vitabu vya zamani chini kwenye turubai, tumezoeana miaka sasa, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, leo nimekuwekea kitu chako, akakitoa kwenye mfuko. Kava lilishaachana na kurasa zamani, halafu mtu akakaa chini na sindano akakishona upya kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa kama ya gunia. Sio ile ya mwanzo iliyotoka London mwaka 1934, ni ya baadaye, ila kwa ule uzi tu nisingekiacha.

Kwa asiyekijua, Mbotela anasimulia baba yake na wenzake walivyokamatwa huko bara wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza na kuja kuwekwa Freretown, Mombasa. Ukipita Nyali hadi leo watu wanapaita Kengeleni, kwa ile kengele ya watumwa walioachwa huru.

Nimekiweka bega kwa bega na maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Hicho kila nikikisoma napata baridi, maana mzee yule haungami kitu, anahesabu tu frasila, yaani vipimo vya uzito, za pembe za ndovu na vita alivyoshinda, na watu waliotekwa wanapita humohumo kama mizigo mingine. Mshika watumwa na mtoto wa mtumwa, rafu moja, lugha moja, yetu.

Sasa watu wakija geto wananiuliza mbona vitabu vyangu vya ujamaa viko hapohapo na vya utumwa. Mimi sioni vikae wapi kwingine. Walter Rodney, mwanahistoria, aliandika kile kitabu chake cha 1972, How Europe Underdeveloped Africa, akiwa anafundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, kikatolewa hapahapa Dar na Tanzania Publishing House pamoja na wenzao wa London, na biashara ya watumwa ndio moja ya misumari yake mikubwa. Na ukisoma Azimio la Arusha, kile kipande cha kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa, wazee waliokisikia redioni Februari 1967 wengine babu zao walikuwa watumwa kabisa, Tanganyika utumwa umefutwa kisheria 1922 tu, sio mbali hata kidogo.

Kitu kinachoniuma ni hiki. Kitabu cha kapteni Sulivan cha kukimbiza majahazi ya watumwa, cha 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilipofungwa, ukiwa na hela unakipata kwa wauzaji wa Ulaya, bei siiwezi lakini kipo, kina jalada gumu na kilikaa kwenye kabati za watu wenye kabati. Azimio lenyewe lilikuwa kijitabu cha karatasi laini na pini mbili, kikagawiwa kwenye matawi ya TANU, kikasomwa kwa sauti, kikakunjwa mfukoni shambani, kikaisha. Kilichochapwa kwa ajili ya watu wote ndio hakionekani. Mimi nilikuwa navyo saba vya enzi hizo kwenye boksi chini ya kitanda, chumba cha chini chenye unyevu, siku nimevuta boksi nikakuta mchwa wameacha udongo na zile pini zenye kutu. Nililia, sifichi. Siku hizi kila kitu kiko juu, kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko, na kila mwezi navitoa vipate hewa kivulini.

Ninachokitafuta sasa ni kile kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha 1962 kuhusu ujamaa, chapa ya wakati uleule. Kama bibi au babu yako alisoma kisomo cha watu wazima, tafadhali kabla hamjachoma makaratasi yake fungua sanduku uangalie chini kabisa, chini ya khanga. Sihitaji hata unipe, nipigie tu picha ya kava na ya ukurasa alioandika jina lake.