Nyama ya Washenga

Washenga walikuwa wamesema watakuja Jumapili. Jumamosi saa sita mchana simu ya baba ikaita: wapo Busisi, ng'ambo ya Ziwa Victoria, wameshapanda kivuko.

Ilikuwa mwaka 2022. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama ziwani zinasubiri barabara juu yake, kwa hiyo kati yetu na wale wazee kulikuwa na nusu saa ya maji, pamoja na mwendo wa gari kutoka Kigongo, kupita Usagara, hadi kwetu Buhongwa, Mwanza. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 zile zikawa za dakika chache tu. Wangekuja leo wangetukuta tunafua.

Mama alikuwa na kilo mbili za steki kwenye friza, kazinunua asubuhi ileile kwa ajili ya kesho yake. Tatizo ni kwamba mama hajui nyama ya chini ya saa mbili jikoni, na simlaumu. Ng'ombe wa Usukumani ni watembezi. Kiangazi wanafuata maji na majani mbali, na wengine wamevuta plau misimu kadhaa kabla ya kufika buchani. Nyama yao ni tamu, lakini ukiiharakisha utaitafuna mpaka taya ziume. Na mshenga mkubwa, tuliambiwa, meno yake ya nyuma yalishakwenda.

"Chinja kuku," baba akasema.

"Kuku gani? Huyo jogoo wako ni mgumu kuliko hiyo nyama."

Hapo ndipo mjomba alipoinuka kwenye mkeka. Mjomba, mdogo wake mama wa mwisho, alikuwa msaidizi wa jikoni kwenye kambi ya mafundi wa Kichina kule Kigongo, na wikiendi ile alikuwa mapumzikoni. Tangu apate ile kazi alikuwa anatusumbua na habari za mpishi wao, ambaye yeye alimwita Shifu kama walivyomwita wenzake. Kwenye begi lake hazikukosekana chupa ya soya sosi na kisu kipana kizito ambacho mama alikuwa amekipiga marufuku ndani.

"Dada, nipe hiyo nyama. Wakifika Usagara mimi nitakuwa naosha vyombo."

Mama alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akampa.

Nyama ilikuwa imeanza tu kuganda, na mjomba alifurahi kuikuta hivyo, kwa sababu nyama laini huteleza chini ya kisu na kutoa mabonge. Aliigeuza ubaoni akitafuta nyuzi zinaelekea wapi, kisha akakata kwa kuzikatisha, vipande vyembamba mno. Mimi nilipewa pande la pili. Nilianza kukata kwa kufuata nyuzi, ndivyo mkono ulivyozoea, akanishika kiwiko. Ukifuata nyuzi, alisema, unamwachia mlaji kazi ya kuzikata kwa meno, na huyu mzee hana hayo meno. Nadhani huo ndio upishi wenyewe, mengine ni moto tu. Watu husifia chakula hiki cha Kichina kwamba ni cha haraka, lakini mimi niliona saa mbili za mama zimehamia kwenye ubao, mikono miwili ikizifanya kwa dakika ishirini, na bega langu la kulia lilijua hivyo.

Ugomvi ulikuja kwenye bekingi soda. Alinyunyiza kijiko kimoja cha chai juu ya nyama yote, akaisugua. Mama akaja juu: magadi ni ya maharage na mlenda, sio ya nyama ya wageni! Mjomba hakubishana. Aliiacha robo saa, akaiosha kwa maji mengi ili ladha ya soda iondoke, akaikamua vizuri, ndipo akaichanganya na soya sosi, tangawizi ya kusaga, konfulawa kidogo na kijiko cha mafuta. Soda hulegeza nyama isikakamae motoni. Konfulawa huifunika, maji yake yasikimbie. Mama akasogea na kopo la chumvi. Mjomba akaliweka juu ya kabati. Soya sosi ni chumvi tayari.

Muda huo mimi nilikuwa kwenye mboga: karoti za kukata mshazari, hoho, kabichi, vitunguu maji, kitunguu saumu. Dada yangu, mwenye shughuli, alikuwa amejifungia chumbani anabadilisha kitenge cha tatu, kwa hiyo hakuwa msaada.

Jiko la gesi mjomba alilikataa kwa dharau, eti ni la kuchemshia chai. Alitaka mkaa, na alitaka lile karai la mama la maandazi, lenye tako la mviringo linalozama kwenye jiko vizuri. Nilipepea kwa mfuniko wa sufuria hadi mkaa ukawa mwekundu wote. Karai likafuka moshi. Mama akasema mafuta yanaungua. Mjomba akasema bado.

Kisha nyama ikaingia, konzi chache tu, ikalia kwa kelele iliyomtoa baba sebuleni. Nilitaka kumimina bakuli lote tumalize. Akanizuia: ukilijaza, karai linapoa, nyama inatoa maji, na badala ya kukaanga unakuwa unachemsha. Tulikaanga kwa mafungu, kila fungu likibadilika rangi linatolewa pembeni, hata kama ndani bado wekundu kidogo. Halafu tangawizi na kitunguu saumu, kwa pumzi moja, visiungue. Karoti kwanza kwa kuwa ni ngumu, hoho na vitunguu vikafuata, kabichi mwisho. Nyama ikarudi. Soya sosi tena, na konfulawa iliyokorogwa kwenye kikombe cha maji baridi. Ilipochemka mara moja mchuzi ukakaza na kung'aa.

"Na nyanya?" mama akauliza.

"Hakuna nyanya."

"Mboga gani hiyo?"

Sikuwahi kumwona mama ameshindwa kusema kitu muda mrefu kama ule. Lakini kwenye wali hakushindwa. Mjomba alitaka wali mweupe. Mama akasonga ugali wa dona, akisema wazee wa Sengerema hawatatoka nyumbani kwake na njaa. Nikiri mama alikuwa sahihi. Ule mchuzi mzito unashika tonge kuliko unavyoshika wali.

Gari liliposimama mlangoni, karai lilikuwa bado linatoa mvuke. Wazee watatu walinawa, wakala kimya. Mshenga mkubwa alitafuna, akasita, akachukua kipande kingine, akakigeuza kwenye vidole. Akamwangalia baba kwa macho ya mtu anayepiga hesabu.

"Mzee mwenzangu, mmetuchinjia ndama?"

Baba alikohoa. Kila mtu pale alijua kwamba nyumba inayochinja ndama kwa washenga haitataja ng'ombe wachache wa mahari. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akamsogezea sahani. Nilimwona mama mlangoni akifungua mdomo kusema ni steki ya buchani, kisha akaufunga.

Ng'ombe walizungumzwa mpaka giza likaingia, na wageni wakalala kwetu. Alfajiri nilisikia sufuria kubwa likibandikwa: mama alikuwa ametuma mtu mapema akachukue mifupa, na ilichemka bila kuguswa hadi jua likatoka. Mshenga mkubwa alitoka nje, akamsalimu mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akapewa bakuli la supu, akanywa nusu yake amesimama.

"Hii sasa ni nyama," alisema.

Mama akamgeukia mjomba, aliyekuwa anasugua karai kwa mchanga. "Umesikia?"